Hawakunywa Togwa

Mwaka ule wa korona nilinuniana na kijiji kizima kwa sababu ya magugu. Sitii chumvi. Kizima.

Naitwa Hyasinta, ila huku kwetu, ukishatoka Nyamuswa na kuiacha barabara kubwa, hakuna anayelijali hilo jina. Mimi ni Mama Stellah. Nilizaliwa Butiama, nikaolewa huku, mume wangu akatangulia mapema, nikabaki na mama mkwe wangu, Bibi Boke. Macho yake yalikuwa yameshakwisha, lakini ulimi wake, loo, ulikuwa mpya kila asubuhi. Ukipika ugali anakwambia haujaiva hata kabla hajaonja. Tuligombana tangu wiki niliyoolewa, na mimi si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwaga na kelele hata tukiwa wawili tu.

Kisha tukawa watatu. Binti yangu Stellah alikuwa anasuka nywele kwenye saluni moja kule Kamunyonge, Musoma mjini. Korona ilipoingia, nani atakubali kukaa apumuliwe kisogoni? Wateja wakakata mguu, mwenye saluni akafunga, Stellah akarudi nyumbani na begi lake na zile kucha zake ndefu. Nilifurahi kumwona mpaka nikalia. Lakini mdomo ulikuwa umeongezeka, mnadani hakuendeki, wauza dagaa hawapiti tena, na chakula chetu chote cha mwaka kilikuwa ule mtama wa bondeni.

Mtama wenyewe ulikuwa umevamiwa na kiduha. Asiyelima hakijui kiduha. Ni kagugu kadogo, maua yake ya zambarau, unaweza hata kuyaweka altareni, lakini huku chini kanakaa kwenye mizizi ya mtama kananyonya mpaka unabaki majani makavu. Ni lazima kang'olewe kabla ya kuchanua, na kalikuwa kanakaribia. Shamba lile lilikuwa kubwa mno kwangu na Stellah, aliyezoea kushika mikasi kuliko jembe. Pale panatakiwa risaga.

Risaga ndiyo kazi yetu ya kusaidiana. Jioni unapita nyumba kwa nyumba, unasimama mlangoni unasema, "Nyumba hii, kesho risaga kwangu, leteni jembe." Humtaji mtu, unaita nyumba, na kila nyumba inatoa jembe moja. Watu wanalima, wanaimba, wanasengenyana, wakimaliza unawapa togwa. Wakinywa, roho zenu ni nyeupe. Asiyekunywa maana yake hajamalizana na wewe: siku akikuita, uwe na homa, uwe na mgeni, utakwenda.

Nikaanza kwa jirani yangu Mwikwabe. Hakufungua mlango. Aliongea kupitia dirishani, barakoa usoni, ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Mama Stellah, mwaka huu tusameheane," akasema. "Mtendaji kakataza mikusanyiko." Nikaenda kwa Matrida, kiongozi wetu wa jumuiya, ambaye kila Jumapili anatuhimiza kupendana. Aliniwekea ndoo ya maji na sabuni katikati ya njia, akaniambia ninawe halafu nirudi nilikotoka. Nyumba hadi nyumba, tusameheane, tusameheane. Walikuwa na hofu, na walikuwa na haki ya kuogopa, maana watu walikuwa wanakufa. Hakuna aliyesema korona. Walikufa kwa presha, kwa nimonia, kwa kifua, wakazikwa na watu wachache asubuhi mapema, na mchana kila mtu anajifanya hakusikia.

Lakini mimi nilikuwa na hasira. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Tabitha, Mama Revo, mtani wangu na rafiki yangu, ambaye shamba lake linapakana na letu. Kabla ya Pasaka alikwenda Bunda kwa mwanawe Revocatus kutibiwa kifua, na mimi nilidhani amesharudi. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini mwaka ule mlango wa nani haukuwa umefungwa? Nikapiga hodi mpaka vidole vikauma. Kimya. Nikasikia damu inanipanda kichwani.

"Na wewe pia unanificha uso?" nikapayuka. "Sikiliza Tabitha, hata kama umekufa humo ndani, kesho uje na jembe!"

Ndivyo tulivyokuwa tunataniana siku zote, mimi na yeye. Nikaondoka zangu, nikaenda kupika togwa kwa ubishi, huku Bibi Boke ananiambia napoteza unga.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Mimi na Stellah tuliteremka bondeni na majembe yetu, tukakuta watu wameshaanza. Nilisimama nikashika kifua kwa furaha. Walikuwa wametawanyika shamba zima, kila mmoja na mstari wake, mbali mbali, nyuso zimefungwa kanga na vitenge mpaka chini ya macho, kofia na mitandio imeshushwa. Niliposalimia walitikisa vichwa tu. Niliponyoosha mkono hakuna aliyeupokea. Mwaka mwingine ningeshtuka. Mwaka ule, nani alikuwa anapeana mkono? Nani alikuwa anasogeleana? Nikasema moyoni, kumbe watu wana utu, wameona aibu wamekuja.

Tabitha alikuwa amesimama mpakani. Nilimtambua kwa kile kitenge chake cha WAWATA, cha akina mama wa kanisani, amejitanda mpaka puani.

"Ee! Kumbe uko hai wewe?" nikamchokoza.

"Umeniita," akasema. "Nimekuja. Jembe sina."

"Unakuja risaga bila jembe? Ulitaka kulima kwa meno?"

Hakucheka. Tabitha ninayemjua akichekaga huku, wa Mugeta ng'ambo ya bonde wanauliza kuna harusi ya nani. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekosa maji. Nikajua bado kifua kinamsumbua, nikamwonea huruma.

"Stellah," nikasema, "mpe Mama Revo jembe lako, wewe nenda kisimani ukachote maji."

Lile jembe lilikuwa jipya. Stellah alikuwa ameunguza herufi S kwenye mpini kwa msumari wa moto, eti lisiibiwe. Akampa Tabitha, vidole vyao vikagusana, na mwanangu akasema, "Shikamoo mama. Mikono yako ya baridi hivyo?" Tabitha hakuitikia. Aliinama akaanza kulima.

Tulilima. Sijawahi kuona risaga ya namna ile. Hakuna wimbo, hakuna umbea, hakuna anayesimama kunyoosha mgongo. Nilijaribu kuanzisha wimbo mwenyewe, ukaniishia mdomoni. Kiduha kilikuwa kinalala chini mistari kwa mistari, na kabla ya jua kuwa kali shamba lilikuwa safi. Nikaleta togwa. Vikombe nilikuwa nimevisugua kwa majivu na sabuni, nikavipanga mbali mbali kwenye majani ili watu wasiogope. Walisimama wakavitazama. Hakuna aliyeinama. Kisha wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakashika njia ya kwa Tabitha.

"Jamani, kunyweni hata kidogo!" nikawaita. "Tabitha! Na jembe la mtoto?"

Akasema bila kugeuka, "Mwenyewe atalifuata."

Nikarudi nyumbani na chungu kizima kichwani. Bibi Boke alikuwa kibarazani kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza bondeni.

"Leo mmelima na nani?" akaniuliza.

"Na watu, mama. Shamba limekwisha."

"Nimekaa hapa tangu asubuhi. Jembe lako nimelisikia, unalima kwa hasira, nalijua. Mengine sijayasikia."

"Basi na masikio nayo yameanza kwenda," nikamjibu.

Siku nyingine angenirudishia kubwa zaidi. Aliuliza tu, "Wamekunywa?"

"Hawakunywa."

Akanyamaza. Nimeishi na yule mama miaka mingi, hakuna kitu kilichowahi kunitisha kuliko kunyamaza kwake siku ile.

Kesho yake nikapita kushukuru, kama inavyotakiwa. Mwikwabe akanisikiliza dirishani, macho yamemtoka. "Mama Stellah, mimi sikuja," akasema. "Wala mke wangu. Si nilikuambia tusameheane?" Matrida naye hakwenda. Nyumba zote, hakuna jembe lililotoka. Wengine walidhani nawasimanga, wakanifungia dirisha.

Nilipokuwa narudi nikakutana na Dotto, yule kijana wa bodaboda anayepakia abiria wa Bunda pale Nyamuswa. Nikamuuliza kama ni yeye aliyemrudisha Tabitha. Akazima pikipiki. Akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Mama, samahani. Mama Revo si alifariki? Tulimzika hukohuko Bunda, kabla ya Pasaka. Nilikuwepo."

"Acha utani wa kijinga, Dotto."

"Haki ya Mungu. Revocatus alituomba tusiseme huku, watu wasije wakawatenga. Tulikuwa wachache, tumevaa glavu. Hakuna aliyelia. Tulimwaga udongo tukanawa mikono, basi."

Nilikaa chini pale pale barabarani. Nilitaka kumlilia Tabitha, machozi hayakuja, kwa sababu nilikuwa nimeongea naye. Na nikakumbuka vile vidole vilivyogusana.

Nilipofika nyumbani Stellah alikuwa amejifunika blanketi juani, anakohoa.

Sitaki kuulizwa kama nilimpeleka zahanati. Nilimpeleka. Walimpa vidonge, wakasema akizidi apelekwe Musoma, na nikatafuta gari la kumpeleka, lakini ukisema tu mgonjwa anakohoa, dereva anakumbuka ana safari nyingine. Tukamfukiza kwa majani ya mwarobaini na malimao. Kila pumzi aliivuta kwa nguvu, mbavu zikiingia ndani, na mimi nikawa namhesabia bila kujua. Ni mwanangu pekee. Nilimwambia Mungu achukue mtama wote, achukue na mimi, aniachie huyu.

Bibi Boke akaniita kibarazani. "Siku ile kwa Tabitha ulisemaje? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Sikutaka, lakini nikamwambia.

Akaguna. "Mdomo wako! Risaga tunaita nyumba, wewe ukaita mtu, na ukamwita hata kama amekufa. Hakuliliwa yule. Hakuna aliyekaa matanga, hakuna aliyelala kwake. Mtu asiyeliliwa atajuaje kwamba amekufa? Ukimwita, anakuja. Na wale wengine aliokuja nao ndio hao hao wa mwaka huu, mnaowafukia kimyakimya." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Wamekulimia, hawakunywa. Wataita. Na jembe waliloshika ni la nani?"

Alikuwa anajua.

Waliita asubuhi moja wakati nawasha moto. Sauti ile kavu ikasema nje ya ua, polepole, vizuri kabisa, "Nyumba hii. Kesho risaga. Leteni jembe."

Nikatoka na kijinga cha moto mkononi. Hakukuwa na mtu, njia yote mpaka chini bondeni. Niliporudi ndani nikamkuta Stellah, ambaye hakuwa ameweza hata kuinua kichwa, ameketi kitandani anatafuta viatu.

"Mama, naitwa," akasema. "Jembe langu liko wapi?"

Nilimlaza kwa nguvu, nikamkalia miguu, nikalia kwa sauti. Yeye alinitazama anashangaa ninalia nini.

"Nitakwenda mimi," nikamwambia Bibi Boke. "Mimi ndiye niliyeita."

"Watakukataa. Jembe lako hawakulishika."

"Nitakwenda, mama. Usinibishie leo."

"Sijabisha," akasema, na kweli hakubisha tena. Ningejua hapo hapo, kama akili yangu ingekuwa kwa mtu mwingine zaidi ya Stellah.

Kulipokucha nilikuwa tayari, lakini Stellah akabanwa. Midomo ikawa ya majivu. Nilimkalisha, nikamshika mgongoni, nikamfukiza, nikamwambia vuta, mwanangu, vuta, na kila nikitaka kumwacha niende anazidi. Nikajua hapana njia, nisipokwenda anakufa na nikienda anaweza kufa peke yake. Nikapaza sauti kumwita Bibi Boke aje amshike. Hakuitikia. Nilimlaani moyoni, Mungu anisamehe.

Kisha, jua likiwa limeshatoka, Stellah akashusha pumzi moja ndefu. Halafu nyingine. Akalala. Nikachukua jembe langu nikakimbia.

Shamba la Tabitha lilikuwa limekuwa pori, magugu yanafika kiunoni, mahindi yake ya njano yamo humo ndani yanaomba msaada. Wale watu walikuwa wamejipanga pembeni, mbali mbali, nyuso zimefungwa. Hawakuwa wanalima. Walikuwa wanatazama mstari mmoja mfupi uliopaliliwa, umepinda huku na huku, wa mtu aliyelima kwa kupapasa. Lile jembe lenye herufi S lilikuwa limelazwa mpakani, limeoshwa.

Tabitha akaja mpaka karibu nami.

"Nimekuja," nikasema. "Niambie nianzie wapi. Mtoto wangu mwacheni."

"Nyumba yako imeshatoa jembe," akasema. "Chukua la mtoto."

Nikaliokota. Sikuelewa, nilitaka tu kuondoka nalo. Nilipogeuza mgongo akaniita, na hakuniita Mama Stellah, aliniita kama zamani tukiwa wasichana walioolewa karibu karibu.

"Hyasinta. Mbona hamkunililia?"

Nilikimbia. Hata kumjibu sikumjibu.

Nyumbani Stellah alikuwa ameegemea ukuta, jasho limemkauka, anauliza kama kuna uji. Nilimshika uso, nikamnusa kichwani kama alipokuwa mtoto mchanga, nikacheka na kulia pamoja. Ndipo nikatoka nje nikamwona Bibi Boke kwenye kigoda chake. Alikuwa na matope mpaka magotini. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, viganja vimechubuka.

Nyuma ya mlango wetu kulikuwa na msumari wa jembe lake. Lilikuwa jembe kuukuu, chuma kimelika mpaka kikabaki upana wa kiganja, mpini mweusi unang'aa kwa jasho la maisha yake yote, na tangu macho yake yaishe hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nikatazama. Msumari ulikuwa mtupu.

"Mama," nikasema, "jembe lako liko wapi?"

"Nimemwazima mtu."

"Mama!"

"Usiniulize unachokijua. Tena huo ugali wako haujaiva."

"Sijapika, mama."

"Basi pika. Unangoja nini?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia twende tukalirudishe, nitawapa langu, nitawapa chochote. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akasema, bila ukali, "Mkamwana, mimi nikiitwa, nitakwenda, njia naijua. Lakini msinizike mimi kama mwizi. Mtalia. Nataka niwasikie."

Toka siku ile sikumjibu vibaya tena, na hilo lilimuudhi sana. Aliniambia nyumba imekuwa ya baridi. Basi nikaanza kumjibu tena, tukagombana vizuri mpaka mtama ukakomaa. Uliiva kuliko miaka yote. Stellah ndiye aliyevuna, kucha zimeshakatika, na Bibi Boke akashika suke moja, akalipapasa, akasema dogo. Siku tulipomaliza kupeta, alikuwa kibarazani. Akainua kichwa akageukia uani, akasema, "Ee, nakuja," kama anavyoitikiwa jirani. Nilipomfikia alikuwa ameshakwenda.

Mtendaji akaja na barakoa yake, akasema watu wachache, haraka, na kelele zisiwepo. Nikamwambia, baba, wewe nenda zako. Nikasimama kizingitini, nikavua kanga usoni, nikapiga yowe. Nikalia, "Mama yangu Boke!" Nikalia tena, "Tabitha wangu, Tabitha!" kwa nguvu zote za mdomo huu mliouzoea. Kisha mlango wa Mwikwabe ukafunguliwa, wenyewe, si dirisha. Mke wake akatoka mpaka mpakani kwao, akasimama pale uso umefungwa, akapokea kilio. Matrida akapokea kwake. Nyumba ile, na ile, kila mtu mpakani kwake, wakiwataja wao waliowazika kimyakimya, majina ambayo sikujua kama wamekufa. Sauti ikateremka bondeni ikapanda upande wa pili, na Mugeta wakaitikia.

Revocatus alipopata habari alikuja kutoka Bunda, tukakaa matanga ya wote wawili kwenye mkeka mmoja, tumeachiana nafasi. Nilipika togwa ya mtama ule, na watu walikunywa mpaka chungu kikakauka. Jembe la Bibi Boke hatujaliona mpaka leo. Msumari wake upo, hakuna ninayemruhusu kutundika kitu hapo.